Kiangazi ndicho kilichokuwa kiwanda chetu

Utotoni kwetu Upare, spika ya redio ikiharibika haikutupwa. Tuliivunja tukatoa ile sumaku ya mviringo, tukaifunga uzi wa katani, tukashuka nayo kwenye mfereji unaotoka ndivani, bwawa letu la kumwagilia, na kuiburuta juu ya mchanga. Tukiipandisha, imeota ndevu nyeusi. Tulishindana nani mwenye ndevu ndefu, tukazipangusa kwa kidole, tukaanza upya. Siku moja babu akatukuta hapo mferejini. Alichota kiganja cha ule mchanga mweusi, akaupuliza vumbi, akasema: "Wajukuu zangu, hili ni jembe. Mnachezea jembe."

Hatukumwelewa. Tulidhani uzee umemzidi. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba babu alikuwa anasema jambo la kweli kabisa, neno kwa neno. Mchanga ule ndio uliokuwa malighafi ya chuma cha Upare. Masika yanakwangua miamba ya milimani, vijito vinaubeba mchanga na kuutandaza kwenye kona za mabonde. Mvua zikikatika watu waliufuata, wakauosha kwa maji mpaka ule mwepesi ukaondoka na mzito ukabaki, kama wachimbaji wadogo wanavyoosha dhahabu siku hizi. Wenye kazi hiyo walikuwa ukoo wa Washana, na masimulizi ya Ugweno, Upare ya kaskazini, yanasema walitawala huko kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya. Chuma chao kilivuka bonde na kupanda Kilimanjaro, kwa Wachaga waliokihitaji kwa majembe na mikuki.

Shuleni nilifundishwa kuwa kuna zama za mawe, kisha zama za chuma, kisha wakaja wageni. Sikuambiwa kuwa chuma chenyewe kilikuwa mferejini kwetu.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kila ninapoona wahunzi na wafinyanzi wakipangwa kwenye maonesho. Huwekwa upande wa utamaduni, jirani na ngoma. Viongozi hupita, hupiga picha wakiwa wameshika nyundo, husema maneno mazuri kuhusu asili yetu, kisha huenda kwenye banda la viwanda kuangalia mashine. Ndiyo kusema tumekubaliana, bila hata kujadili, kwamba walichokuwa wanakifanya babu na bibi zetu kilikuwa mila, na viwanda vilianza siku ilipowashwa injini ya kwanza. Nadhani tumekosea, na kosa hilo linatugharimu mpaka leo. Vilikuwa viwanda. Vilikuwa na malighafi, mgawanyo wa kazi, viwango vya ubora, wanafunzi na walimu, masoko ya mbali na hata kodi. Tofauti ni kwamba havikuwa na jengo. Mahali pa jengo walikuwa na msimu, na msimu huo ulikuwa kiangazi.

Angalia mwaka wa mkulima wa zamani ulivyogawanyika. Mvua zikinyesha, kila mkono uko shambani. Mavuno yakishaingia ghalani, kuanzia Juni hivi mpaka mawingu ya mvua mpya, mikono inakuwa huru na nchi inakuwa kavu. Kuni zinakauka, mkaa hauloi, udongo uliofinyangwa unakauka bila kupasuka, mito inashuka, njia zinapitika. Hapo ndipo chuma kilipoyeyushwa, chumvi ikachemshwa, vyungu vikachomwa, nyumba zikajengwa na misafara ikaondoka. Wazungu wengi waliopita vijijini miezi hiyo waliandika kwamba Waafrika wamekaa bure baada ya mavuno. Huenda wengine wao waliyaandika hayo huku mahema yao yakiwa yamefungwa kwa kamba zilizosokotwa kiangazi hicho hicho.

Kuna kazi zilizokwenda kinyume, na ni vizuri kuzitaja. Lubugo, ile nguo ya gome la mti inayotengenezwa Buganda na iliyovaliwa pia Buhaya, hutaka mvua, maana gome la mutuba huachia vizuri mti ukiwa umejaa maji. Fundi huchuna gome, akaufunga mti kwa majani ya mgomba usiumie, kisha hulipiga gome kwa nyundo za mbao zenye mistari, kuanzia mistari mipana hadi myembamba, mpaka linakuwa laini na limetanuka mara kadhaa ya upana wake wa kwanza. Mti haufi, utachunwa tena. UNESCO waliitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2005. Lakini hiyo ni kazi ya watu wachache uani kwao. Kazi zilizotaka jeshi la watu zilingoja jua.

Na hakuna iliyotaka watu wengi kama chuma. Nenda Nkasi, mkoani Rukwa. Kwenye mashamba na vichaka vya nyanda za Ufipa yamesimama mpaka leo masalia ya matanuri ambayo wenyeji huyaita malungu. Likiwa moja ni ilungu. Linafika mita 3 hivi kwenda juu, pana chini, jembamba kileleni, na limejengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao mchwa wameshausaga na kuufunga mpaka unastahimili moto. Chini lina matundu kuzunguka pande zote, na kwenye matundu hayo iliingizwa mirija ya udongo uliochomwa. Ilungu halina mivukuto ya kupulizia hewa. Urefu wake wenyewe ndio unaovuta hewa: moto ukikolea, hewa ya moto hupanda kwa nguvu na hewa mpya huingizwa chini kupitia mirija. Aliyelibuni aliwaondolea watu jasho la kupuliza usiku na mchana, akalilipia jasho hilo kwa mkaa mwingi zaidi na kwa siku nyingi zaidi za moto. Huo ni uamuzi wa mhandisi. Amepima nguvu kazi aliyonayo na msitu alionao, akachagua.

Kilichotoka humo hakikuwa chuma cha kufuliwa. Lilikuwa bonge la chuma, mkaa na mavi ya chuma vilivyogandamana. Bonge hilo lilipelekwa kwenye tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, na hapa sasa mivukuto ilifanya kazi yake. Baada ya kintengwe ndipo mhunzi alipopokea chuma, akakipasha, akakifua kwenye fuawe likapatikana jembe, shoka au mundu. Hatua tatu, moto wa aina tatu, kabla jembe halijagusa udongo. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu, ni miongoni mwa waliozichunguza hatua hizi kwa undani, na ukisoma kazi za aina hiyo unaona haya kuita mambo haya "ufundi mdogo".

Sasa hesabu kazi yenyewe. Kuna wa kuchimba mawe yenye chuma na kuyabeba. Kuna wa kukata miti migumu ya miombo, kuipanga, kuichoma na kungoja mkaa upoe. Kuna wa kufinyanga na kuchoma mirija, na mirija haihesabiki kwa kumi moja. Kuna wa kujenga ilungu au kukarabati la mwaka jana. Kuna mkuu wa kazi mwenye kikapu cha dawa, intangala, ambaye bila yeye moto haukuwashwa. Watu hawa waliishi kambini porini kwa majuma, mbali na wake zao, chini ya miiko mikali. Tanuri lilihesabiwa kuwa bibi harusi, na chuma mtoto wake. Wapo wanaocheka miiko hiyo. Mimi naiona kama nidhamu ya kazi iliyovishwa vazi la imani: wanaume wanakaa kambini, hawatorokei nyumbani, hawaachi moto usiku wa pili wakati mambo ndiyo yanapamba moto. Meneja wa kiwanda cha leo anatafuta nidhamu hiyo hiyo kwa kengele na saini za kuingia na kutoka.

Kuna watu watasema basi, walijaribu-jaribu tu wakabahatisha. Hao nawapeleka Buhaya, mkoani Kagera. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti kutoka Marekani, takriban nusu karne baada ya kazi hiyo kukoma kwao. Walichimba shimo, wakalijaza matete ya bwawani yaliyochomwa yakawa meusi, wakajenga mnara wa udongo wa kichuguu juu yake, wakaingiza mirija ndani kabisa ya tanuri. Mwaka 1978 watafiti hao, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika katika jarida la Science kwamba mirija ile ilikuwa ikiipasha hewa joto kabla haijafika kwenye moto, na kwamba ufundi wa namna hiyo pwani ya magharibi ya Ziwa Victoria una umri wa kama miaka 2,000. Wataalamu wengine walibisha lile la kupasha hewa, na ubishi wao ulikuwa mkali. Lakini tazama wanabishana kuhusu nini. Wanabishana kuhusu joto la hewa ndani ya mrija, kama watu wanavyobishana kuhusu injini. Ubishi wenyewe haukuwa kama huo ulikuwa ufundi au bahati.

Kwa nini basi kilikufa?

Jibu la haraka, ambalo hata mimi nililiamini muda mrefu, ni kwamba jembe la Ulaya lilikuwa rahisi kwa bei. Ni kweli kwa sehemu. Lakini jembe la dukani halikuwa na sababu ya kuumaliza uyeyushaji haraka namna ile katika sehemu za ndani, ambako duka lilikuwa mbali na jembe la kienyeji lilikuwa bado linalipiwa mahari. Kitu kingine kilitangulia. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya kibanda. Vijijini ilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Mwanzoni mtu aliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, kisha ikabanwa iwe fedha. Rupia hazikuota kando ya ilungu. Zilikuwa kwenye mashamba ya walowezi, kwenye ujenzi wa reli, na kwenye mkonge ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893 na ambao baada ya miaka michache ulikuwa umeanza kuifunika Tanga.

Na mtu anakwenda lini kutafuta rupia? Hawezi kuondoka wakati wa kulima, watoto watakufa njaa. Anaondoka mavuno yakishaingia. Anaondoka kiangazi. Mikono ile ile iliyokuwa inachimba mawe na kuchoma mkaa, katika miezi ile ile, ndiyo iliyobebwa kwenda pwani. Waingereza walipoingia waliikuta njia imeshafunguliwa, wakaipanua. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha chombo chao cha kukusanya vibarua, SILABU, na Wafipa, Waha, Wanyamwezi na Wabena walipakiwa kwa maelfu kuwa manamba. Mkataba wa manamba haukuishia kiangazi kimoja. Tanuri linalotaka kambi nzima ya wanaume haliwezi kuwashwa na mzee mmoja na kikapu chake. Wamisionari nao walikiona kikapu hicho kuwa uchawi, wakaongeza la kwao. Ukikosa kuyeyusha kiangazi kimoja, unakarabati. Ukikosa vitano, mkuu wa kazi amezeeka. Ukikosa kumi na tano, hakuna kijana aliyewahi kuuona moto.

Ndiyo maana nasema chuma chetu hakikushindwa sokoni tu. Kilinyang'anywa muda.

Uvinza inalionesha jambo hilo kwa njia nyingine. Pale Mto Ruchugi unapokaribia kuungana na Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi, na wanaakiolojia waliochimba miaka ya 1960 walikuta mashimo yaliyokandikwa udongo, ya kuchemshia maji hayo, yenye umri wa kama miaka 1,500. Miaka 1,500 ya kazi moja mahali pamoja. Masika mito hufurika na kuzizamisha chemchemi. Maji yakishuka, watu walishuka nayo. Walikuja Wavinza wenyewe, Waha, Wajiji na wengine, wakajenga vibanda vya msimu, wakachemsha mchana na usiku kwenye vyungu, wakawatolea wakuu wa Wavinza sehemu yao, wakaondoka na mizigo ya chumvi kuelekea Ujiji, Unyanyembe (Tabora) na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita kuelekea Ujiji mwaka 1858 aliisifu chumvi hiyo. Hebu fikiria: vyungu vile vilihitaji wafinyanzi, moto ulihitaji wakata kuni, chumvi ilihitaji wasuka vikapu na wapagazi. Kiwanda kimoja kilibeba viwanda vinne.

Chumvi haikuuawa na chumvi ya Ulaya. Ilikuwa nzuri mno. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani waliweka kampuni juu ya chemchemi, na aliyekuwa akija kiangazi kuchemsha chumvi yake akawa kibarua wa chumvi ya mwingine. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 mzigo ulipata njia rahisi na mpagazi akapoteza kazi. Chumvi ya Uvinza bado inauzwa leo. Kilichokufa ni haki ya Mha kushuka na vyungu vyake mwezi wa Julai.

Nguo ndiyo ninayokubali kwamba ilishindwa kwa bei. Pwani yetu ilifuma. Kilwa yamechimbuliwa magurudumu madogo ya udongo ya kusokotea uzi yenye umri wa karne nyingi, na bonde la Rukwa lilifuma nguo nzito za pamba hadi enzi za ukoloni. Mfumi alitandika uzi wake chini ya mti na kufuma kwa majuma kupata nguo moja. Kisha Sayyid Said, sultani wa Unguja, akatia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na vitambaa vyeupe vya viwanda vya Massachusetts vikamiminika Unguja kwa wingi kiasi kwamba watu waliviita kwa jina la nchi vilikotoka: merikani. Mpagazi alilipwa kwa merikani, mtemi alitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa merikani. Nguo ikawa fedha. Huwezi kushindana na fedha kwa kufuma.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulichanganya, na linabadilisha hoja nzima. Kuyeyusha chuma kulikufa. Kufua chuma hakukufa. Mhunzi yupo. Yupo Usangi, yupo Sumbawanga, yupo karibu kila mnada wa ng'ombe. Chuma chake sasa ni springi za magari, nondo, vipande vya reli. Nilikaa nusu siku kwa mmoja wao mwaka jana, chini ya mwembe. Alichagua kipande cha springi ya Land Rover, akakigonga kwa nyundo na kukisikiliza, akakiweka pembeni. Akagonga cha pili, akatabasamu. Nilipomuuliza tofauti, alisema cha kwanza "kimechoka", kina ufa ndani ambao jicho halioni. Kisha akakitia motoni kile cha pili, kijana akazungusha gurudumu la baiskeli linaloendesha feni mahali pa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na yule mzee hakuangalia saa hata mara moja. Aliangalia rangi. Ilipofika rangi ya embe bivu alikitoa akakifua. Alipokizamisha, alikizamisha makali tu, mgongo akauacha nje upoe wenyewe, ili panga liwe gumu panapokata na lisivunjike panapopigwa. Chuo cha ufundi kinalifundisha jambo hilo kwa jina la kigeni na kwa vipimo. Mzee yule analifundisha kwa embe.

Kijana aliyezungusha gurudumu ni mtoto wa dada yake. Nilimuuliza kama atairithi kazi. Alijibu kwa adabu, "Mjomba anajua kwamba nasubiri pikipiki."

Siwezi kumlaumu. Panga moja la mjomba wake linatoka kwa nusu siku ya watu wawili, na sokoni linapangwa pamoja na mapanga ya kontena. Wateja wanaojua huligonga kwa ukucha na kuongeza bei. Lakini wanaojua wanapungua, na serikali zetu, tangu uhuru, zimekuwa zikimtazama mhunzi kwa jicho la huruma zaidi kuliko la hesabu. Mwaka 1973 tuliunda SIDO kwa ajili ya viwanda vidogo, na ni chombo kilichosaidia watu wengi, sina ugomvi nacho. Ubungo kikajengwa kiwanda cha zana za kilimo, UFI, kwa msaada wa China, kikatoa majembe kwa miaka mpaka kikadhoofika kama viwanda vingine vya wakati huo. Hata hivyo, fikra iliyotawala miaka hiyo yote ni kwamba jembe ni kitu cha kutoka mjini. Kiwanda cha mjini kilipolala, kijijini hakukuwa na kilichoandaliwa kusimama mahali pake, ingawa mhunzi alikuwepo muda wote, na fuawe lake, na moto wake.

Sasa nije kwa wafinyanzi, maana kwao bado kuna uhai.

Jumamosi alfajiri, Lyulilo, karibu na Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mitumbwi inatoka Ikombe, kwa Wakisi, chini ya ukuta wa Milima ya Livingstone. Kwa mbali unadhani imebeba matikiti. Ikikaribia unaona ni vyungu, vimepangwa kimoja ndani ya kingine, na nyasi katikati visigongane. Wanawake wanashuka na kuvipanga mchangani kwa ukubwa. Wanunuzi wa Kyela, Tukuyu na Mbeya huvigonga kwa kifundo cha kidole, kila kimoja, na chungu kizuri hulia kama kengele ndogo. Kwa mtu aliyezoea sufuria, wepesi wake unashangaza. Ukikiinua unahisi umenyanyua kitu kisichokuwemo.

Mama mmoja alinikaribisha kwake nimwone akifinyanga. Hana gurudumu la mfinyanzi. Chini ya chungu kipya kuna gae la chungu kilichovunjika, na gae hilo ndilo linalozungushwa kwa mkono huku mkono mwingine ukipandisha ukuta wa udongo. Waswahili tunasema mfinyanzi hulia gaeni, tukimsikitikia kwamba anawapa watu vyungu na yeye mwenyewe anakula kwenye kigae. Nilipoliona lile gae likizunguka nikaona methali yetu imeliona nusu tu. Gae ni mashine yake.

Nilimuuliza mtu anajifunza kwa muda gani. Hakutaja miezi. Alisema: "Mwanangu, viangazi vitatu. Cha kwanza unakanda udongo tu, mikono iujue. Cha pili nakupa vikaango, ukiharibu si hasara. Cha tatu ndipo ushike chungu cha maji. Na kuchoma, hapo sijakufundisha bado." Udongo wake unatoka mahali pamoja, na hapo panapochimbwa hapana hati ya mtu yeyote. Leo panachimbika. Kesho akija mwenye karatasi, viangazi vitatu vya mafunzo vitakuwa vya bure.

Ndiyo maana nashindwa kupumua vizuri ninaposikia mradi wa kuwafundisha wanawake ufinyanzi kwa siku tano, na vyeti siku ya sita. Nimeuona mmoja kwa macho yangu. Walioratibu walikuwa na nia njema na chakula kilikuwa kizuri. Lakini siku tano ni muda wa kujua kwamba udongo una mchanga mwingi. Ukitaka kulinda kazi hii, linda vitu viwili alivyovitaja yule mama bila kuvitaja: mahali pa kuchimba na muda wa kujifunza. Halmashauri inaweza kulitenga shimo la udongo kama inavyotenga malisho na chanzo cha maji. Sheria ya ardhi ya vijiji tuliyonayo tangu mwaka 1999 inatambua maeneo ya matumizi ya pamoja. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mitaani, mafundi magari, waashi, wapishi. Mhunzi anayesikiliza ufa ndani ya springi anastahili kupimwa kwa heshima ile ile, na mwanafunzi wake alipwe posho ya viangazi vitatu kama tunavyomkopesha mwanafunzi wa chuo kikuu kwa miaka mitatu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya maonesho.

Yapo pia matanuri ya Ufipa. Kila masika yanalowa, kila mwaka moja linaangushwa na mizizi au na trekta. Wazee walioyaona yakiwaka wameshaondoka karibu wote. Wabunge wa mkoa ule wangeweza kuuliza bungeni ni mangapi yaliyobaki, na nani anayahesabu.

Nilipomuaga yule mama alikuwa ameshaanza kazi nyingine. Mjukuu wake yuko kidato cha pili ng'ambo ya ziwa, na shule zinafunga Juni. Wiki chache tu, kisha anarudi darasani. Bibi amehesabu: kwa likizo hizi, kiangazi kimoja cha zamani kitamchukua binti miaka mitatu au minne kukitimiza. Amekubali. Bonge la udongo alilolikanda kwa ajili yake lilikuwa pembeni ya mlango, kwenye kivuli, limefunikwa majani ya mgomba, na kila asubuhi huyanyunyizia maji lisikauke kabla mtumbwi haujafika.